UZI: Mjamzito mwenye kisukari anasubiri kisu. Usiishie kuuliza "umekula saa ngapi", tazama mfuko wa chakula kwa altrasaundi

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu wa thieta, wa leba na wa chumba cha picha, salaam.

Uzi huu ni wa jambo moja tu: mjamzito mwenye kisukari anayepelekwa upasuaji, na lile swali letu la kila siku, "mama, umekula saa ngapi?" Kwa mjamzito asiye na kisukari jibu lake lina uzito. Kwa mwenye kisukari linaweza kutupoteza hata kama mama amesema kweli tupu. Kala saa mbili usiku, sasa ni saa tatu asubuhi, saa kumi na tatu zimepita, na chakula bado kimo.

Tuweke msingi kwanza. Mimba yenyewe haichelewishi sana mfuko kumwaga chakula kabla uchungu haujaanza. Kinacholegea ni mlango wa juu: projesteroni, homoni ya mimba, inalegeza msuli pale umio unapokutana na mfuko, na mji wa mimba unausukuma mfuko juu. Kiungulia cha miezi ya mwisho kinatoka hapo. Uchungu ukianza, na hasa mama akishachomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, ndipo mfuko unazubaa kweli.

Kisukari kinaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni neva ya vagasi, inayouendesha mfuko, kuharibika, na hilo huchukua miaka: ni la mama wa aina ya kwanza au ya pili aliyeishi na sukari muda mrefu. Wa pili ni sukari ya saa hiyo hiyo. Ikipanda, mfuko unapunguza mwendo hata kama neva ni nzima. Kwa hiyo mwenye kisukari cha mimba, ambaye hana miaka ya kuua neva, bado anaweza kuwa na mfuko mzito asubuhi ambayo glukomita, mashine ya kupima sukari ya damu, inasoma 13 (namba zote za sukari humu ni mmol/L).

Hatari tunayoikimbia ni ya zamani. Daktari Mendelson aliandika mwaka 1946 kuhusu wazazi waliopaliwa wakiwa usingizini hospitalini New York: 66 katika mimba 44,016. Chakula kigumu kilikaba njia ya hewa, majimaji yenye asidi yaliunguza mapafu. Hadi leo ni hayo hayo mawili, na picha inatuwezesha kuyatofautisha kabla dawa haijaingia.

Karibuni. Naomba tuandike namba na hatua.

#2 Probu_Mkononi

Nianze na mashine maana wengi wanadhani inahitajika ya peke yake. Haihitajiki. Probu (kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) ya kupimia mimba, ile yenye uso uliopinda ya MHz 2 hadi 5, ndiyo hiyo hiyo. Badilisha tu mpangilio kutoka "mimba" kwenda "tumbo", kina anza na sentimeta 12 kisha punguza ukishaona unachokitafuta. Kama iliyopo ni probu ya moyo, inasaidia lakini picha ni nyembamba.

Unachokitafuta ni antramu, sehemu ya mwisho ya mfuko kabla ya mlango wa kuingilia utumbo mwembamba. Sababu ya kuchagua hapo ni kwamba haina hewa nyingi kama sehemu ya juu, na ukimlaza mtu ubavu wa kulia majimaji yote yanatiririkia pale. Sehemu ya juu ya mfuko imejificha nyuma ya mbavu, hewa imejaa, usipoteze muda nayo.

Mlalo. Mjamzito wa wiki 37 humlazi chali bapa, atazimia mikononi mwako. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 45, weka kabari chini ya nyonga ya kulia, tazama mara ya kwanza hapo. Kisha mgeuze ubavu wa kulia, kichwa kikiwa bado juu vile vile, mwache dakika mbili majimaji yashuke, tazama mara ya pili. Akilalamika kizunguzungu mgeuze kushoto upesi, picha itasubiri.

Probu iweke wima katikati, mara chini ya ncha ya mfupa wa kifua, alama ikielekea kichwani. Kwa mjamzito antramu imepanda, kwa hiyo usiende kuitafuta karibu na kitovu. Pachika probu chini ya mfupa na uielekeze juu kidogo. Mwambie avute pumzi na kuishika: ini linashuka na kukupa dirisha.

Sasa telezesha polepole kutoka ukingo wa mbavu za kushoto kwenda kulia. Simama pale unapoona vitu vinne kwenye fremu moja: mbele ini la kushoto, nyuma kongosho, chini zaidi aota, mshipa mkubwa wa damu kutoka moyoni, inapiga, na kati ya ini na kongosho kuna duara lenye ukuta mnene. Hilo duara ndilo antramu. Ukiona mshipa mkuu wa vena badala ya aota umevuka kulia, rudi kidogo ili upime mahali pale pale kila siku.

Mkono mwepesi. Ukikandamiza, unaibana antramu na kujitengenezea "mfuko mtupu" wa uongo.

#3 Mkunga_Leba_B

Asante mkuu. Eleza na picha zenyewe zinavyoonekana, kwa lugha ya mtu asiyekaa chumba cha picha.

#4 Probu_Mkononi

Dada mkunga, ziko nne.

Mfuko mtupu: duara dogo au bapa, ukuta wa mbele umelaliana na wa nyuma, mfano wa pete ndani ya pete. Ukingo mweusi unaouona ni msuli, si maji. Hapo wanaoanza huteleza.

Majimaji: duara limetanuka, kuta zimekuwa nyembamba, ndani ni peusi. Akiwa amekunywa sasa hivi utaona punje nyeupe zinaelea, kama soda iliyomiminwa kwenye glasi. Baada ya dakika chache punje zinapotea.

Chakula kilichoingia karibuni: ukuta wa mbele una ukungu mweupe na nyuma yake huoni kitu, kama kioo cha dirisha kilichopata mvuke wa sufuria. Ni hewa iliyotafunwa pamoja na chakula. Ukuta wa nyuma hauonekani, kwa hiyo usihangaike kupima eneo. Jibu umeshapata: chakula kipo.

Chakula kilichokaa: hewa imeondoka, ndani mna mchanganyiko wa kijivu na nyeupe, kama uji wenye mabonge, unasogea mfuko ukijikaza. Kwa mgonjwa wa sukari mwenye neva zilizochoka hii ndiyo ya kuiogopa, maana unaikuta kwa mtu aliyefunga kwa muda wa saa kumi na anaapa hajagusa kitu, na ni kweli hajagusa.

Maziwa yana tabia yake: yakikutana na asidi huganda. Chai ya maziwa ya saa tatu zilizopita haitakuonyesha weusi safi, utaona vipande.

#5 Kikokotozi

Nichukue sehemu ya hesabu. Inahusu majimaji peke yake. Chakula kigumu hakihesabiwi, kikionekana mfuko umejaa, basi.

Ganda picha wakati mfuko umetulia, kati ya mikazo yake. Pima vipenyo viwili vinavyokatana pembe mraba: mbele kwenda nyuma, na kichwani kwenda miguuni. Mstari uanzie ngozi ya nje ya ukuta uishie ngozi ya nje ya upande wa pili. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Eneo = kipenyo × kipenyo × 3.14 ÷ 4. Njia ya mkato: zidisha vipenyo kisha zidisha 0.785.

Halafu kanuni ya mtafiti Perlas, ambayo inatumia eneo la ubavu wa kulia:

Ujazo (mL) = 27 + (14.6 × eneo kwa cm²) − (1.28 × umri)

Mfano A. Miaka 32, kilo 78. Vipenyo 2.0 na 2.8. Eneo 4.4 cm². Ujazo 27 + 64 − 41 = mL 50. Gawanya kwa 78, ni 0.64 mL kwa kilo. Hayo ni majimaji ya kawaida ya mfuko, hata aliyefunga vizuri anayo.

Mfano B. Miaka 34, kilo 80. Vipenyo 3.1 na 4.2. Eneo 10.2 cm². Ujazo 27 + 149 − 44 = mL 132 na ushee. Ni kama 1.66 kwa kilo. Mpaka unaotumika sana ni 1.5, kwa hiyo huyu kavuka.

Angalizo: kanuni hiyo ilitengenezwa kwa watu wasio na mimba. Kwa miezi mitatu ya mwisho kuna kazi ya Arzola na wenzake wa Toronto ya mwaka 2018, ambayo inatoa mpaka wa eneo moja kwa moja: 9.6 cm², mama akiwa ubavu wa kulia na kichwa kimeinuliwa. Kwa leba naona huu ni rahisi zaidi, huhitaji umri wala uzito. Lakini si kisu chenye makali pande zote. Usikivu wake ni asilimia 80, maana yake katika mifuko mitano iliyozidi, mmoja unapita chini ya mpaka bila kushikwa. Ukipata 9.1 usishangilie.

Na tafadhali tofautisheni mm² na cm². Mtu anasoma mahali "340" anadhani ni kubwa kuliko 9.6. 340 mm² ni 3.4 cm², na ni mpaka wa kazi nyingine kabisa, kwa mlalo mwingine na watu wasio na mimba.

#6 Mbishi_wa_Thieta

Wakuu, naheshimu hesabu zenu. Ila kila mjamzito tangu katikati ya mimba tunamchukulia kuwa na tumbo limejaa. Sindano ya ganzi ya mgongo kwanza, na ikishindikana ni usingizi wa haraka na tyubu, mpira wa hewa unaopitishwa kooni. Picha ikisema mtupu, nitaacha tyubu? Siachi. Ikisema umejaa, nitaweka tyubu, ambayo ningeweka vile vile. Sasa dakika tano hizi za kupaka jeli ni za nini?

#7 Zamu_ya_Usiku

Swali zuri mbishi, na nusu yake nakubaliana nayo. Picha ya mfuko mtupu haikupi ruhusa ya kumlaza mjamzito kwa barakoa. Anayetumia altrasaundi kupunguza ulinzi kwa mjamzito anaitumia vibaya. Inatumika upande mmoja tu: kuongeza.

Sasa angalia mfuko uliojaa unabadilisha nini.

Kama ni upasuaji wa kupangwa, una muda. Unaahirisha hadi mchana, unashusha sukari, unapima tena. Bila picha ungeingia naye saa tatu asubuhi kwa sababu karatasi inasema amefunga.

Kama sindano ya mgongo imekatazwa, mathalani chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka, unajua kabla kwamba unakwenda kulaza mtu mwenye chakula. Unamwita mwenye mkono mzuri zaidi wa tyubu, unaweka sakshani (mashine za kunyonya matapishi) mbili badala ya moja. Majimaji unayanyonya kwa mpira wa pua namba 14 au 16 akiwa macho, kisha unapima tena. Mabonge ya ugali mpira hauyatoi, na hilo nalo ni la kujua mapema.

Na sindano ya mgongo ikifanya kazi vizuri, bado umejifunza kitu. Mama mwenye mfuko uliojaa humwongezei dawa za kusinzia pale anapolalamika kuvutwavutwa. Presha yake unaikamata mapema, kwa sababu ikianguka kichefuchefu kinakuja papo hapo. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, unaisukuma polepole.

Unapotakiwa kuacha picha: mtoto anachoka sasa hivi na kila dakika ina bei yake. Pia mama aliyekula pilau saa moja iliyopita, huyo humpimi, unamwamini tu.

#8 Mbishi_wa_Thieta

Hapo kwenye kuahirisha umenipata. Hapo kwenye sakshani mbili, thieta nyingi hata hiyo moja inakohoa 😂

#9 Daktari_Kaunti

Habari zenu, kutoka upande wa Kenya. Naomba tujadili mfano halisi wa kitabibu, si mgonjwa fulani.

Mama wa kisukari cha mimba, wiki 35, alichomwa deksamethasoni jana ya kukomaza mapafu ya mtoto. Leo sukari 12.6. Ana uchungu wa mbali. Amekunywa uji saa kumi na mbili asubuhi, sasa ni saa saba mchana. Kwa saa za kufunga yuko sawa, saa saba zimetimia kwa mlo mwepesi. Mnamwona vipi?

#10 Zamu_ya_Usiku

Daktari, huyo ana vitu vitatu vinavyovuta upande mmoja: deksamethasoni imepandisha sukari, sukari imepunguza mwendo wa mfuko, uchungu umeanza kuuzubaisha zaidi. Hana hata kimoja kinachoonekana kwenye swali la "umekula saa ngapi". Huyo ndiye wa kupimwa.

Usidanganyike pia na jina "kisukari cha mimba" ukadhani ni chepesi. Wapo waliokuwa na aina ya pili miaka mingi bila kujulikana, ikagunduliwa kliniki ya wajawazito. Dalili za neva zilizochoka ziulizwe kwa dakika moja: anashiba kwa matonge machache? anatapika chakula cha jana? mapigo yapo 100 na zaidi akiwa ametulia? namba ya juu ya presha inashuka 20 au zaidi akisimama? Akijibu ndiyo kwa mawili, picha ni ya lazima kwa maoni yangu, na jitayarishe presha kuanguka sana baada ya sindano ya mgongo, kwa sababu mwili wake hauna breki.

Mwambie pia aunganishe viganja kama anayeomba. Vikiacha mwanya katikati, viungo vimekakamaa, na shingo yenye viungo vya namna hiyo inaweza kukusumbua wakati wa tyubu. Mfuko uliojaa na shingo ngumu kwa mtu mmoja ni mchanganyiko ambao hutaki kuugundua akiwa ameshalala.

#11 Mkunga_Leba_B

Niongeze ya wodini, maana mfuko unaandaliwa usiku, si thieta.

Saa za kufunga zinajulikana: maji angavu saa 2, mlo mwepesi na maziwa saa 6, mafuta na nyama saa 8. Tatizo ni tafsiri ya "maji angavu". Maji, chai ya rangi, juisi uliyochuja hadi ukaona upande wa pili, hivyo ndivyo. Uji si maji hata uwe mwepesi namna gani. Chai ya maziwa si maji. Juisi ya embe au parachichi ni chakula kwenye glasi.

Kosa la pili ni kumfungisha mwenye kisukari kuanzia saa mbili usiku halafu anaingia saa nane mchana kwa sababu orodha imesogea. Mfuko haumwagi vizuri zaidi kwa kuwa umeteseka, mama anatengeneza ketoni, asidi za mwili unaochoma mafuta, na kama alichomwa insulini ya usiku sukari inamwangukia. Mwenye kisukari awe wa kwanza kwenye orodha. Maji aendelee kunywa hadi saa mbili kabla. Sukari ipimwe kila saa.

Ikishuka chini ya 4 karibu na muda wa kuingia, dekstrosi, maji ya sukari, ipite kwenye mshipa. Kumpa soda anywe "kidogo tu" kunaharibu yote mliyojadili hapo juu.

Pwani mwezi wa Ramadhani kuna jambo jingine. Mama anaweza kuwa kafungua magharibi kwa tende, sambusa na mbaazi za nazi, kisha kala daku. Ukimuuliza "umefunga?" atakwambia ndiyo, akimaanisha saumu. Uliza: "mara ya mwisho kitu kupita mdomoni ni saa ngapi, na ni kitu gani?"

#12 Jicho_la_Picha

Makosa ambayo yanajirudia kwa wanaojifunza, niyataje kutoka upande wa picha.

Mfuko wa nyongo kudhaniwa antramu yenye maji ndilo la kwanza. Nyongo ni nyeusi kabisa, ukuta mwembamba kama uzi, haijikazi hata uitazame dakika nzima, na iko kulia zaidi. Antramu ina ukuta wenye tabaka, mnene kiasi cha milimita 4, na ukivumilia utaiona inajikaza. Utumbo mpana unaopita mbele nao huleta hewa na ukungu unaofanana na chakula kipya. Fuata bomba unaloliangalia: likiendelea kushoto na kupanua kuwa mfuko, ni antramu. Likienda kama barabara pande zote mbili, ni utumbo.

Kukata mshazari. Probu ikilala upande, duara linakuwa yai refu na eneo linapanda bila maji kuongezeka. Zungusha probu kidogo kidogo mpaka umbo liwe dogo kuliko yote unayoweza kupata mahali hapo, ndipo ugande.

Kupima kwa ndani. Mtu anaweka alama kwenye ukingo wa maji badala ya ngozi ya nje. Kwa antramu ndogo inakula zaidi ya nusu ya eneo. Fanya hesabu: vipenyo vya nje 2.0 na 2.8 vinatoa 4.4. Toa milimita 4 kila upande vinabaki 1.2 na 2.0, eneo 1.9.

Kuishia mlalo mmoja. Kwa kichwa kilichoinuliwa tu, majimaji ya wastani yanaweza kujificha sehemu ya juu ya mfuko na antramu ikaonekana safi. Jibu la "mtupu" halitolewi mpaka umemgeuza kulia. Kuna madaraja ya kukariri: 0, hakuna maji mlalo wowote. 1, maji ubavu wa kulia tu. 2, maji milalo yote miwili. Daraja la 2 mara nyingi ndilo lililozidi. Kwa usiku wenye haraka madaraja haya yana faida kuliko vipimo vya vipenyo, kwani jicho halihitaji kikokotozi.

La mwisho: usipoiona antramu, andika "haikuonekana". Usiandike "mtupu". Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa mama mnene wa wiki 39 inatokea. Isiyoonekana inachukuliwa kama iliyojaa.

Kuhusu kujifunza, kuna kazi ya mwaka 2013 iliyokadiria picha kama 33 zenye msimamizi ili mtu afike asilimia 95 ya majibu sahihi ya kutazama. Anzeni na watu wazima wasio na mimba wanaosubiri upasuaji mwingine, mmoja akiwa amefunga, mwingine akiwa amekunywa glasi ya maji. Jicho likishakomaa ndipo muende kwa mjamzito.

#13 Kikokotozi

Hapo kwenye kukata mshazari mkuu umesema kweli. Niongeze la uzito: kugawanya kwa kilo kunafariji kwa uongo mama akiwa mzito. mL 150 kwa mama wa kilo 120 ni 1.25, kwa karatasi yuko salama. Lakini mapafu yake hayajawa makubwa kwa sababu ya mafuta, na mL 150 ni zile zile. Kwa wazito mimi naangalia eneo na daraja, kilo naziacha.

#14 Daktari_Kaunti

Turudi kwa yule wa Mfano B, eneo 10.2. Tuseme ana kisukari aina ya pili miaka tisa, upasuaji ni wa kupangwa, sukari 11.8. Dawa na mpangilio?

#15 Zamu_ya_Usiku

Hana dharura, kwa hiyo kwanza sukari. Insulini ya mshipa kwa utaratibu wa hospitali yako, dekstrosi na potasiamu pembeni, lenga chini ya 8 bila kuikimbiza. Metoklopramidi, dawa ya kusukuma mfuko, mg 10, ipite kwa dakika mbili, ukiisukuma ghafla anapata mahangaiko anataka kushuka kitandani. Baada ya saa mbili rudia picha, mlalo ule ule, mkono ule ule.

Bado umejaa? Eritromisini ya mshipa mg 3 kwa kilo inasukuma mfuko vizuri kuliko metoklopramidi, ila tazama ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na usiichanganye kiholela na ondansetroni ya kuzuia kutapika, zote mbili zinarefusha QT, kipande cha mchoro huo ambacho kikirefuka sana mapigo yanaweza kuvurugika.

Muda ukifika, sindano ya mgongo kama hakuna katazo. Kabla ya kuingia, kizuia asidi: omeprazoli mg 40 au famotidini mg 20 kwenye mshipa mapema. Ranitidini imekuwa adimu tangu nchi nyingi zilipoiondoa, Marekani ilitaka itoke sokoni mwaka 2020. Kisha sodiamu sitreti ya mola 0.3, mL 30 za kunywa, dakika 20 hivi kabla. Inywewe BAADA ya picha, la sivyo utapima dawa yako mwenyewe na kuiita chakula.

Pale ambapo sitreti haipo, kuna tabia ya kutoa maji ya magnesiamu trisiliketi ya kiungulia. Msifanye hivyo. Ina chembechembe, ikiingia mapafuni nayo inaunguza. Bora ukose.

Ikilazimu kulala: kichwa juu nyuzi 20 hadi 30, kabari ya kulia iko palepale, oksijeni dakika 3 barakoa ikiwa imebana. Dawa ya usingizi: ketamini mg 1 hadi 2 kwa kilo, au propofoli mg 2 hadi 2.5 kwa kilo kama presha inaruhusu. Ya kulegeza misuli: saksamethoniamu mg 1.5 kwa kilo, au rokuroniamu mg 1.2 kwa kilo kama una sugamadeksi ya kuiondolea nguvu. Tyubu 6.5 au 7 na waya wake ndani. Sakshani imewashwa chini ya mto, inanguruma, si imening'inia ukutani. Kubana koo kwa Sellick, yaani kubonyeza gegedu la koo ili kuziba umio, ya mwaka 1961, watu wanabishana nayo hadi leo. Ukiitumia, nguvu ndogo kama nyutoni 10 akiwa macho, 30 akishapotea, na ukikosa kuona koo au akianza kutapika iachie.

Sukari kila dakika 30 tangu dawa inaingia mpaka ameamka kabisa. Aliyelala hawezi kukwambia imeshuka. Na tyubu itoke akiwa macho, anafuata amri, ubavuni au kichwa juu. Mfuko uliojaa kabla ya kisu bado umejaa baada ya kisu, watu wanasahau hilo wakishasikia mtoto analia.

#16 Mbishi_wa_Thieta

Mpira wa pua niuache ndani wakati wa kulaza au niutoe?

#17 Zamu_ya_Usiku

Nyonya, kisha ukitaka uache. Hauzuii kubana koo kufanya kazi. Uache wazi kwenye mfuko wa kukusanyia, usiufunge na kizibo. Ukiona unakuvurugia barakoa isibane, utoe.

#18 Mkunga_Leba_B

Kwenye faili tunaandikaje ili zamu inayofuata ielewe? Maana "altrasaundi ya tumbo: sawa" nimeiona, na haina maana yoyote.

#19 Jicho_la_Picha

Dada, mistari sita inatosha. Mfano:

Saa 3:10 asubuhi. Mlo wa mwisho: wali na maharage, saa 2 usiku. Maji: saa 12 asubuhi.
Sukari wakati wa picha: 11.8.
Antramu imeonekana, milalo yote miwili, kichwa nyuzi 45.
Yaliyomo: majimaji, hakuna chakula kigumu. Daraja 2.
Eneo ubavu wa kulia: 10.2 cm² (wastani wa vipimo vitatu).
Mfuko umejaa. Mtaalamu wa usingizi amearifiwa, picha kurudiwa saa 5:10.

Sukari usiiache nje ya ripoti. Picha ya saa 5:10 ikibadilika, utataka kujua kama ni dawa iliyousukuma mfuko au ni sukari iliyoshuka.

#20 Mkunga_Leba_B

Nimeinakili. Naibandika ukutani juu ya mashine, pembeni ya chupa ya jeli.